Mwaka Tuliompa Fiston Jina la Sabuni

Siku ya tatu ya matanga ya papa Kisimba, akina mama wakiwa bado wanaimba ndani ya nyumba, wanaume chini ya hema walikuwa wameshaanza kubishana juu ya mechi ya raga ya Jumamosi. Afrika Kusini ilicheza na New Zealand, na kijana mmoja wa miaka ishirini, aliyesifiwa mwezi mzima, aliangusha mipira miwili ya juu mbele ya dunia nzima. Papa Paluku, mzee wa Butembo anayeuza unga na maharagwe kwa jumla, alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo. "Ule mutoto alishaisha," alisema. "Balimusifu mbio sana. Sasa iko naogopa ballon." Monsieur Ngoie, mwalimu mstaafu anayezijua sheria za raga kuliko anavyoijua katekisimu, akamjibu kwamba mchezaji haishi kwa mechi moja. "Anaisha na mechi ngapi?" akauliza Paluku. "Tatu," akasema Ngoie, na wote wakacheka, ila kwa sauti ya chini, maana mjane alikuwa dirishani. Nami nilicheka. Kisha nikamwona Fiston, mtoto wa kwanza wa marehemu, akipita na viti viwili vya plastiki, kimoja kila mkono. Kile cha kulia alikishika kwa vidole vitatu. Viwili vya mwisho vilibaki vimepinda hewani, havigusi kitu. Nikaacha kucheka.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi, na nilichokuwa nacho ni miguu yenye mbio na nafasi ya kuketi katika salon, yaani sebule, ya papa Kisimba, mtaa wa Bel-Air wa Lubumbashi. Salon ile ilikuwa na viti vinne vikubwa vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye sahani ambazo hazikutolewa hata Noeli, na televisheni iliyotundikwa juu sana hata shingo ikauma. Papa Kisimba alikuwa fundi wa mitambo mizito kwenye machimbo ya upande wa Kinsevere, na raga alifundishwa na Waafrika Kusini aliofanya nao kazi huko. Alifunga sahani ya satelaiti juu ya bati wakati mtaa mzima bado ulikuwa na antena za waya. Kisha akatukusanya sisi vijana, akatutafutia mpira, akatufundisha kwenye uwanja mwekundu, mgumu kama sakafu, nyuma ya shule ya Monsieur Ngoie. Jumamosi asubuhi tulicheza. Mchana tuliketi kutazama wengine. Mechi za timu za taifa aliziita "test", na kwake neno hilo lilikuwa mtihani kwelikweli. "Apa njo bantu banapimwa," alikuwa akisema, kidole kikielekea kioo. "Bingine byote ni muchezo."

Kati ya nusu ya kwanza na ya pili, mama Astrid, mke wake, alileta bukari, ule ugali wetu, samaki wadogo wa kapenta na mboga ya lengalenga, na beseni la kunawa likazunguka. Hapo ndipo mahakama ilipofunguliwa. Papa Kisimba alichagua mchezaji mmoja kijana katika wale tuliowatazama, akamtaka kila mmoja wetu aseme forme yake, yaani hali yake: anapanda, amesimama, ao anashuka. Hakupenda maneno laini. Ukisema kijana amechoka, ao upepo ulimsumbua, alikuangalia polepole na kukuuliza, "Weye ni mama yake?" Niligundua mapema kwamba aliyesema neno kali zaidi aliitwa kukaa kwenye kiti, na aliyemhurumia mchezaji alibaki mkekani karibu na mlango. Nilikuwa na ulimi. Niliona kosa la mtu kabla wengine hawajaliona, na niliweza kulisema kwa maneno matatu yatakayorudiwa sokoni wiki nzima. Kufikia Pasaka ya mwaka ule nilikuwa na kiti changu, kando ya papa Paluku. Fiston, ambaye nyumba ilikuwa yao, alikuwa bado mkekani.

Na Fiston alinishinda. Lazima niliseme hili wazi, kwa sababu katika salon ile halikusemwa hata mara moja. Sote wawili tulicheza namba kumi na tano, yule anayebaki nyuma peke yake kungoja mipira inayopigwa juu. Mimi nilikuwa na mbio, lakini mpira ukiwa angani moyo wangu ulidunda, niliwasikia wapinzani wakija. Fiston hakuwasikia. Alisimama, akainua macho, akaupokea mpira kifuani kama mtu anayepewa mtoto mchanga, ndipo akageuka kuona nani anakuja kumbomoa. Hakuwa mtu wa maneno. Alipoulizwa na baba yake juu ya mchezaji wa kwenye televisheni, alisema, "Iko muzuri," ao, "Atajifunza." Baba yake aligeukia viti. "Munasikia? Atajifunza. Miye nilizaa padiri." Viti vikacheka. Nilicheka zaidi ya wote, na Fiston alinitazama bila chuki. Kwa nini hakunichukia tangu hapo? Ingekuwa rahisi zaidi kwangu leo.

Baridi ilipoanza, papa Kisimba alirudi kutoka kazini na habari. Mzungu mmoja aliyewahi kuwa bosi wake alikuwa sasa anafundisha raga katika chuo kimoja karibu na Pretoria. Alikubali kumpokea kijana mmoja wa Lubumbashi kwa mwaka mzima: kitanda, chakula, mazoezi kila siku. Kijana mmoja tu, na achaguliwe na papa Kisimba mwenyewe, baada ya mechi yetu ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, mwishoni mwa Agosti. Alitangaza hayo akiwa amesimama mbele ya televisheni. Alitutazama Fiston na mimi, mmoja baada ya mwingine, akitabasamu. "Sitaangalia damu," alisema. "Nitaangalia forme." Monsieur Ngoie akapiga makofi, akasema hiyo ndiyo haki.

Jumatano moja ya Juni, kwenye mazoezi, Fiston aliangushwa na watu wawili karibu na mstari. Miili ikalundikana juu yake, na mkono wake wa kulia ukabaki nje ya lundo, umeushika mpira, kiganja juu ya ngozi ya mpira. Nilikuwa nakuja mbio. Viatu vyangu vilikuwa na meno ya chuma, zawadi ya papa Kisimba. Kwa miaka mingi nimejaribu kusema kwamba niliteleza, kwamba vumbi lilinipofusha, kwamba nilitaka kuusukuma mpira tu. Niliuona ule mkono. Niliona hata kovu dogo la mafuta ya kukaangia kwenye kidole cha gumba. Nilipunguza mwendo hatua moja ili mguu ufike vizuri, nikakanyaga, nikazungusha kisigino. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kuvunja kijiti cha kuwashia jiko. Lundo lilipofumuka Fiston aliketi, mkono ameuweka kwapani, uso umekuwa rangi ya majivu. Alinitazama. Nilingoja aseme. Akasimama, akaenda kwenye nafasi yake, na mpira wa kwanza uliopigwa juu baada ya hapo ukapita katikati ya mikono yake.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na test. Fiston alikuja na fulana ya mikono mirefu, ameivuta hadi kwenye kucha. Katika nusu ya kwanza, namba kumi na tano wa Afrika Kusini, kijana mgeni katika timu, aliangusha mpira mweupe uliokuwa rahisi, New Zealand wakafunga. Papa Paluku akapiga paja. "Ule banamutoa wapi?" Monsieur Ngoie akasema kijana ana mikono midogo. Papa Kisimba hakuwa akitazama kioo tena. Alikuwa akimtazama mtoto wake. "Na uyu wetu?" aliuliza. "Jumatano mipira mine, leo asubuhi mitano. Serge, weye uko na kinywa. Tumupatie jina gani?"

Nilikuwa na muda wa kusema sijui. Mama Astrid alikuwa anaingia na beseni la maji, na kando ya beseni, kwenye kisahani, palikuwa na kipande cha sabuni ya bluu.

"Sabuni," nilisema. "Kila kintu kinateleza."

Papa Kisimba alicheka hadi akajifuta macho. Paluku alilirudia jina, Ngoie akalirudia kwa Kifaransa kisha akarudi kwenye Kiswahili akisema hivyo ni vizuri zaidi. Beseni likazunguka. Lilipofika kwa Fiston, alitumbukiza mkono wa kushoto peke yake. Bukari ilipowekwa, akaimega kwa kushoto. Viti vikamgeukia, maana hakuna mtu wa kwetu anayekula hivyo mbele ya wakubwa.

"Mukono ya kuume iko wapi?" baba yake akauliza.

"Iko, papa."

"Kula nayo."

Fiston alitoa mkono kwenye fulana. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimevimba, vyeusi kama ndizi zilizolala siku nyingi. Sote tuliviona. Nasema sote: Paluku, Ngoie, mama Astrid aliyesimama mlangoni na bakuli la lengalenga, na mimi. Alimega bukari, ikamponyoka, ikaanguka mkekani. "Voilà," papa Kisimba akasema, "Sabuni." Wakacheka tena. Mama Astrid alifungua kinywa, mume wake akamtazama, akakifunga, akarudi jikoni. Fiston aliokota tonge lake, akalila, akamega lingine. Alikula sahani yote kwa mkono ule. Nusu ya pili ilianza na sote tukageuza shingo juu. Sikumbuki nani alishinda. Nakumbuka kwamba niliongezewa kapenta.

Baada ya hapo jina lilitoka nje ya nyumba lenyewe. Lilifika uwanjani kabla yetu, likafika kanisani kwenye kwaya, likafika kwa msichana mmoja wa mtaa wa Kamalondo ambaye Fiston alikuwa akimsindikiza Jumapili. Yule msichana akaanza kulitumia kwa mapenzi, kisha kwa mzaha, kisha hakusindikizwa tena. Kila Jumamosi papa Kisimba aliuliza forme ya kijana wa kwenye televisheni na ya Sabuni pamoja, kana kwamba ni mtu mmoja. Julai yote yule kijana wa televisheni alijirekebisha. Fiston hakujirekebisha, na tukasema ni roho. "Mikono iko bien," nilisema siku moja, nikiwa nimeegemea kiti changu. "Ni roho njo inatetemeka." Nilijua ninachokisema, na nilijua anayekisikiliza ameketi hatua mbili kutoka kwangu.

Kitwe tulikwenda kwa basi, kupitia Kasumbalesa, tukapoteza nusu ya siku kwenye mpaka. Papa Kisimba alimpanga Fiston acheze kwanza. Wazambia hawakuwa wajinga. Kwa dakika kumi walikuwa wameuona mkono, wakampigia mipira ya juu mmoja baada ya mwingine. Alijaribu kuipokea kwa kifua na mkono wa kushoto. Mitatu ilimponyoka. Mpira wa nne aliupata, na watu wawili wakamwangukia. Alipoinuka ule mkono ulikuwa unaning'inia. Wakati wa mapumziko papa Kisimba alimwendea, akamwambia mbele ya timu nzima, "Ulipimwa. Vua jezi." Fiston hakuweza kuivua kwa mkono mmoja. Nilimsaidia mimi, kwa kuwa nilipaswa kuivaa. Ilikuwa imelowa jasho, bado ya moto. Nilicheza vizuri siku ile, nikafunga mara moja, na wakati wa kurudi niliketi mbele, karibu na papa Kisimba, tukala mahindi ya kuchoma tuliyonunua mpakani. Aliweka mkono begani kwangu. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, na Fiston alikuwa kiti cha nyuma kabisa, kichwa dirishani.

Pretoria nilikaa miezi saba. Walinipima wiki ya kwanza, na miezi iliyobaki ilikuwa adabu yao tu. Kule kulikuwa na vijana ishirini wenye mbio kuliko mimi, na mpira ukiwa angani hawakusikia kitu, kama Fiston. Kocha aliniambia kwa upole kwamba nina moyo mwepesi chini ya mpira wa juu. Nilirudi Lubumbashi mwezi wa mvua kubwa, nikaenda moja kwa moja Bel-Air, Jumamosi mchana. Kiti changu kilikuwa na mtu mwingine. Papa Kisimba alinisikiliza nikiwa nimesimama. "Basi," akasema, "weye pia ulipimwa," akageukia kioo. Mama Astrid ndiye aliyeniambia kwamba Fiston alikuwa Kambove, na wachimbaji, akibeba mifuko ya mawe. Vidole, alisema, alivibana kwa mlango wa gari. Niliitikia. Nilikula nilichopewa, nikaondoka, na kazi niliyoipata baadaye, ya kujaza karatasi za malori kwenye mpaka, ndiyo ninayoifanya hadi leo.

Fiston alirudi mjini baada ya miaka sita. Papa Paluku akampa lori la kuendesha, na juu ya mlango wa lori wafanyakazi wakaandika SABUNI kwa rangi nyeupe. Watoto wake wanaitwa watoto wa Sabuni. Tulikuwa tukipishana Kasumbalesa, mimi na karatasi, yeye kwenye usukani, tukisalimiana kama watu wanaojuana kwa sura. Nilijiambia kwamba hajui. Lundo lilikuwa kubwa, vumbi lilikuwa jingi. Na juu ya papa Kisimba nilijiambia jambo lingine: kwamba nilimdanganya mzee mwenye haki, kwamba angejua angenifukuza na kumchagua mtoto wake. Aibu hiyo nilikuja nayo hadi matangani. Siku ya kwanza nililia mbele ya picha yake, na watu walisema Serge alimpenda kama baba.

Hivyo siku ile ya tatu, nilipouona mkono ukibeba kiti, niliinuka nikamfuata Fiston nyuma ya nyumba, pale akina mama walipokuwa wakisonga bukari katika masufuria makubwa. Alikuwa anapasua kuni. Nilimwambia bila kuzunguka. "Fiston, mukono yako, ule mwaka. Njo miye. Sikuteleza."

Aliweka shoka chini. "Minajua," alisema. "Nilikuona ukipunguza mwendo."

"Na haukusema?"

"Nilisema. Siku ileile. Nilimwonyesha papa mukono." Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. "Alishika bidole, akabigeuza. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia Serge. Akafikiri. Akasema: Muzuri, sasa tutaona nani kati yenu iko muntu. Akanikataza kuenda hospitali kabla ya Kitwe. Mama, papa alimwambia ni mulango ya gari."

Moshi ulikuwa unatuingia machoni. Nilijaribu kuhesabu zile Jumamosi upya: kicheko chake, swali lake la jina, "kula nayo". Alikuwa anajua kila mara. Alituweka wawili chini ya kioo chake, akaketi kutazama, na mimi niliyedhani nimemdanganya nilikuwa nikicheza alivyotaka.

"Nisamehe, ndugu yangu," nilisema.

"Usiniombe apa, mu moshi, na bamama." Hakuwa amekasirika. "Beko pale, Paluku na Ngoie. Njo baliniita vile miaka yote. Wende ubaambie beye."

Alikuwa na haki, na nilikwenda. Fiston alinifuata, akasimama nyuma ya viti. Nilibaki wima mbele ya wale wazee, nikawaambia yote: Jumatano ile, mkono nje ya lundo, hatua niliyoipunguza, kisigino. Niliwaambia kwamba hakuwa na woga hata siku moja, kwamba aliangusha mipira kwa sababu vidole vilikuwa vimevunjika, na kwamba jina lilitoka kwangu ili nipate safari. Nilipomaliza wazee wakatazamana, na nilifikiri wameguswa.

"Lakini," papa Paluku akasema hatimaye, "mukono ilikuwa fasi gani?"

"Namna gani, papa?"

"Juu ya ballon, ao pembeni? Kama ilikuwa pembeni, ni penalty. Kadi nyekundu hata."

"Hapana," Monsieur Ngoie akasema, akijisogeza mbele ya kiti. "Miaka ile haikuwa vile. Mukono ikishika ballon mu lundo, mwenye mukono njo anakosa. Mwenzake iko na haki ya kusukuma na muguu."

"Kusukuma. Ule alikanyaga."

"Arbitre na filimbi yake ataona aje tofauti?"

Waligeuka pamoja kumtafuta Fiston. "Sabuni," Ngoie akamwita, "kuya. Tuonyeshe."

Nilimtazama nikitumaini kwamba ataondoka, ao atawatukana, hata pale mbele ya matanga ya baba yake. Alikuja akapiga goti katikati ya viti. Paluku akampa kikapu kidogo cha mkate kiwe mpira. Fiston akakiweka chini, akaweka mkono wa kulia juu yake, na wazee wawili wakainama, wakavaa miwani. Tangu siku ile ya bukari, miaka ishirini na tatu, hawakuutazama tena mkono ule. Sasa walivishika vile vidole vilivyopinda, wakajaribu kuvinyoosha ili viketi vizuri juu ya kikapu, na havikunyooka.

"Ilikuwa vile?" Ngoie akauliza.

"Ilikuwa vile," Fiston akajibu.

"Juu ya ballon kabisa?"

"Juu ya ballon."

"Basi, haikuwa penalty," Monsieur Ngoie akasema, akaketi tena, na papa Paluku, baada ya kufikiri, akakubali.